Kamati ya Mzee Zephania na Mikia ya Maneno

Mzee Zephania hakai. Ukimtembelea nyumbani kwake Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, atakuvutia kiti, atakumiminia chai, kisha yeye mwenyewe atabaki wima, kikombe mkononi, akienda dirishani na kurudi mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Getrude, mkewe, alishaacha kumwambia akae. "Mwacheni," huwaambia wageni. "Mimi nimejaribu tangu mwaka tisini na sita."

Ana miaka sitini na miwili. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akisafisha treni za chini ya ardhi za mji huu, na watu wengi wa jumuiya yetu ya Waswahili wa Stockholm wanamjua kwa hilo tu. Mimi nataka ajulikane kwa lingine. Mzee huyu aliondoka Mpwapwa mwaka 1985, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akaenda kusoma Voronezh, Urusi ya Kisovieti, na huko akapata shahada ya lugha. Akaanza utafiti wa juu zaidi. Kisha nchi iliyomlipia masomo ikavunjika mikononi mwake. Mwalimu wake mkuu akahama, chuo kikakosa hata makaa ya kupasha joto madarasa, na nyumbani hakuna aliyehitaji tena mwalimu wa Kirusi. Mwaka 1993 akaja huku na begi moja. Ndani ya begi mlikuwa na mashati matatu na kadi mia sita.

Kadi hizo ndizo maisha yake. Alikuwa anatafiti namna Waslavi, yaani Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia na ndugu zao wote, wanavyotengeneza majina ya vitu na mambo. Sisi tukitaka kutoa jina katika neno jingine tunaanzia mbele. Ndugu, undugu. Kijana, ujana. Mzee, uzee. Wao wanafunga nyuma, kwa viambishi tamati, ambavyo Mzee huviita mikia. Kuna mkia wa -ost, unaozaa mambo yasiyoshikika kama furaha na huzuni. Upo wa -nik, unaozaa watu na vyombo: mfanyakazi ana mkia huo, na birika la chai pia linao. Upo -stvo wa undugu na ufalme, na mingine mingi ambayo ukimwachia atakutajia mpaka chai ipoe.

Ajabu ni kwamba kazi ya ufagio haikuuzima utafiti ule. Iliulisha. Kwenye chumba cha mapumziko cha karakana ya treni alikutana na Waslavi wa kila aina. Danuta, Mpolandi aliyesafisha naye mabehewa kwa miaka tisa, alimpa maneno mia nne. Senad, Mbosnia wa karakana, alimpa zaidi ya hapo, na matusi juu. Mzee alichukua ratiba za zamu zilizopitwa na wakati, akazikata kwa mkasi zikawa kadi, akaandika nyuma yake: neno, lugha, maana kwa Kiswahili, nani amelisema, siku gani. Kadi mia sita zikawa elfu sita. Zilijaza maboksi kumi na moja ya viatu, na maboksi hayo yaliketi sebuleni kwa Getrude kama ndugu waliokuja kusalimia wakasahau kuondoka.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Miaka thelathini na miwili katika mji wenye vyuo, maktaba na mikutano ya kila wiki kuhusu kuwakaribisha wageni, na hakuna aliyemuuliza mtu huyu anajua nini. Jambo hili linanichoma nikiliandika.

Kisha mwezi wa kumi na moja mwaka jana chuo kimoja cha hapa kilitangaza nafasi. Walitaka mtu wa kuandaa kitabu kidogo cha mikia hiyohiyo, kwa ajili ya walimu wanaofundisha watoto wa Kiukraini, Kipolandi na Kibosnia. Miezi sita. Mzee akaandika barua, nao wakamjibu: njoo Alhamisi saa nne asubuhi, uje na kadi zako. Tutakutajia mkia, utatutolea mifano.

Kwetu sisi mtu haendi kwenye jambo kubwa peke yake. Harusi ina kamati, msiba una kamati, ubatizo una kamati. Basi tukamuundia Mzee Zephania kamati ya usaili. Mwenyekiti alikuwa Spéciose, mama wa Kirundi anayechambua barua katika kituo cha posta, mwanamke ambaye akikuambia simama hapa unasimama. Onesphore, Mrundi mwenzake, dereva wa gari la mizigo, alipewa usafiri. Mimi Yassir, kwa sababu nimesoma, nikafanywa katibu.

Onesphore alikubali wadhifa wake akipinga shughuli yenyewe.

"Mzee ana kazi ya kudumu," alisema. "Ya kudumu! Watu wanalia usiku na mchana kuipata hiyo. Amebakiza miaka mitatu astaafu. Aiache kwa ajili ya miezi sita ya mikia? Halafu baada ya hapo nini?"

"Baada ya hapo nitakuwa nimefanya miezi sita," alijibu Mzee, akielekea dirishani.

"Hilo si jibu, Mzee."

"Ndilo nililonalo."

Getrude alikuwa anakuna nazi. Hakusema kitu, na Getrude si mtu wa kukosa la kusema.

Jumamosi iliyotangulia usaili, Mzee alikuwa kazini zamu ya mchana. Kamati ikakutana kwake. Getrude akatufungulia, akatupikia wali na maharage ya nazi, tukaanza kazi: shati kupigwa pasi, viatu kung'arishwa, maboksi kufungwa vizuri kwa safari. Spéciose akafungua boksi la kwanza, akachomoa kadi chache, akazisoma, uso ukakunjamana.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema. "Yassir, hebu ona."

Nikaona. *Mladost*, ujana. *Radost*, furaha. *Žalost*, huzuni. *Milost*, huruma. *Starost*, uzee. *Novost*, upya.

"M," alisema Spéciose, "halafu R, halafu Ž, halafu M tena, S, N! Hii ni fujo. Posta wangenifukuza siku hiyohiyo. Mzee wa watu ataaibika mbele ya wazungu, wataulizia kitu, ataanza kupekuapekua kama anatafuta ufunguo."

Ningeweza kusema neno hapo. Mzee alishanieleza kazi yake si mara moja. Lakini nilikuwa nimemsikiliza kama unavyomsikiliza mtu mzima unayempenda, kwa kutikisa kichwa. Nikasema, "Tuzipange." Tena nikasema kwa nguvu, nikasimama, nikatoa hotuba fupi kwamba watu wetu wamechoka kudharauliwa na kwamba Alhamisi tutaingia chuoni tukiwa tumenyooka.

Tukakaa sakafuni, watu sita, pamoja na Getrude na majirani wawili. Spéciose akatufundisha namna ya posta: rundo la A, rundo la B, kisha ndani ya rundo unachambua tena. Tulikunywa chai, tukacheka maneno yenye herufi nyingi zisizo na irabu, Onesphore akajaribu kuyatamka mpaka akapaliwa. Kwa saa saba tulizipanga kadi elfu sita kuanzia herufi ya kwanza, A mpaka Ž. Tukabandika karatasi nyeupe kwenye kila boksi. Kwa kweli zilipendeza.

Saa moja jioni Mzee akaingia na baridi yake. Sote tukasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona mmesimama kama wanafunzi?"

"Mzee, tumekupangia kadi," alisema Spéciose, na uso wake uling'aa. "Sasa hata kipofu atapata anachotaka."

Mzee akaliangalia boksi lenye karatasi iliyoandikwa M. Akalifungua. Akapitisha kidole juu ya kadi, taratibu, kisha haraka. Akafungua la pili. Akafungua la tano.

"Yote?" aliuliza.

"Yote kumi na moja!" alisema Onesphore. "Hatukupumzika."

Mzee akamgeukia mkewe. "Mama Flaviana. Hukuwaambia?"

"Niwaambie nini, Baba Flaviana?"

"Kwamba zimepangwa. Kwa mwisho wa neno. Unasoma kutoka nyuma kuja mbele, ndivyo mikia inavyokaa pamoja. -ost zote mahali pamoja. -nik zote mahali pamoja."

Getrude akafuta mikono kwenye kanga.

"Miaka yote hiyo unaniambia kuhusu kadi," alisema Getrude, sauti imeshuka, "na siku moja hujaniambia zimepangwa. Mimi nilidhani ni fujo yako tu. Niliiheshimu."

Spéciose alikaa chini polepole, mkono mdomoni. Mzee hakupiga kelele. Akavaa tena koti aliloanza kulivua, akatoka. Nikamfuata.

Alikuwa anakwenda kwa kasi kati ya maghorofa, nami nikawa nakimbia nusu. Theluji ilikuwa imegeuka tope. Nikamwambia, Mzee, kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema tuzipange. Nikamwambia nitaziingiza kwenye kompyuta. Nikamwambia nitakwenda chuoni kuwaeleza. Nilisema mengi.

"Yassir, nyamaza kidogo," alisema bila kusimama. "Hakuna mwenye kosa. Mmeziangalia usoni. Mtu wa kwetu neno huliangalia usoni, kwa sababu kwetu mambo yote yako huko. Mimi mwenyewe Voronezh ilinichukua mwaka mzima kujifunza kuanzia miguuni." Akapiga kona, nami nikapiga kona. "Lakini Alhamisi yule bwana ataniambia, tupe mifano ya mkia fulani. Ni maneno mia tatu, yametawanyika katika maboksi kumi na moja. Nitampa nini? Nitasimama pale mzee mzima mwenye kadi, kadi zenyewe siwezi kuzitumia. Atasema, asante kwa kuja. Wanasema vizuri sana neno hilo hapa."

"Kuna siku nne."

"Zipo. Na nina zamu tatu ndani yake."

Jumapili, wanawake walipotoka ibada ya Kiswahili kule Spånga, hawakwenda makwao. Nilipofika Vårby gård niliwakuta Spéciose na Getrude wameshakaa sakafuni na vitenge vyao vya kanisani, wamezungukwa na marundo. Mzee alikuwa juu yao, akizunguka.

"Anza na herufi ya mwisho," alikuwa anasema. "Kisha iliyo kabla yake. Usilisome neno. Ukilisoma umepotea."

"Ninamvua mtu viatu kabla ya kofia," alisema Getrude.

"Hivyohivyo."

"T, S, O," alihesabu Onesphore, aliyefika nyuma yangu, ulimi nje. "T, S, O, D. T, S, O, R. Mzee, hawa watu wana akili timamu?"

"Wewe unayesema mtu, watu, kitu, vitu, unadhani Mrusi anakuonaje?"

Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu jicho lilikataa. Kila mara mkono ulikwenda kwenye herufi ya mbele wenyewe. Spéciose, aliyechambua barua miaka kumi na minne, ndiye aliyekosea kuliko wote, na kila akikosea alijipiga kibao cha mguu. Jumatatu tulirudi baada ya kazi. Jumanne tukarudi. Watu waliokuwa wanakutana mara moja kwa mwezi kula na kulalamikia serikali za nyumbani walikuwa sasa wanagombana kama -stvo inatangulia -tvo.

Jumanne hiyo Getrude alishika kadi mbili mkononi kwa muda mrefu. "Baba Flaviana, umekosea hapa. *Starost*, Kiserbia, uzee. *Starost*, Kicheki, wasiwasi. Neno ni lilelile."

"Sikukosea. Mserbia akikuambia hivyo anasema uzee. Mcheki anasema wasiwasi."

Getrude akamtazama mumewe aliyekuwa anakwenda dirishani kwa mara ya mia. "Wacheki wamekujua," alisema. Tulicheka mpaka Spéciose akaangusha rundo zima la -ka, tukaanza upya.

Jumatano saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumerudisha maboksi matano. Sita yalibaki kwa mpangilio wa posta. Mimi nilitaka tuendelee mpaka asubuhi, nikasema hivyo. Mzee akafunga kifuniko cha boksi alilokuwa nalo.

"Imetosha. Nendeni mkale kwenu."

Asubuhi ya Alhamisi Onesphore alitupeleka na gari lake, akalalamika njia nzima kuhusu pensheni, kisha akabeba maboksi saba peke yake. Chumba kilikuwa cha kioo na meza nyeupe. Aliyetupokea aliitwa Mikael, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mkuu wa kitengo. Pembeni yake alikaa mwalimu wa Kiukraini aliyeitwa Halyna. Mimi nikapewa kiti karibu na mlango.

Mambo yalianza vizuri. Mikael akataja -ost. Mzee akaweka boksi mezani, akatoa kadi kama anayegawa karata, na kwa kila moja akasema neno limetoka kwa nani. Wakataja -nik. Boksi la tatu, tayari. Mikael alikuwa anaandika. Nikaanza kupumua.

Kisha Halyna akasema, "Mahali. Tupe mkia wa mahali, ule wa -isko na -ište."

Nilijua ulipo. Ulikuwa haupo popote. Ulikuwa umetawanyika katika maboksi sita.

Mzee akaweka kiganja juu ya boksi, akakiacha hapo. "Hayo hayajapangwa," alisema kwa Kiswidi chake cha kunyooka. "Yalikuwa yamepangwa. Rafiki zangu walitaka kunisaidia, wakayapanga kwa herufi ya kwanza. Tumerudisha nusu."

Mikael akatabasamu, tabasamu la kumsitiri mtu. "Hakuna shida," alisema. "Tunaweza kuruka."

Damu ilinipanda. Nilitaka kusimama niseme yote, kuhusu miaka ishirini na sita, kuhusu ratiba zilizokatwa kwa mkasi. Lakini aliyesimama alikuwa Mzee.

"Tusiruke," alisema. Akaanza kutembea. Chumba kilikuwa kidogo, hatua nne kwenda na nne kurudi, na alizitumia zote. "*Ognisko*, Kipolandi, mahali pa moto. Danuta, mwaka 2009, tukisafisha behewa lililopakwa rangi na wahuni. Aliniambia baba yake alichoma viazi humo. *Ohniště*, Kicheki, fundi mmoja aliyekaa nasi wiki tatu tu, simkumbuki jina, niliandika fundi mwenye ndevu. *Ognjište*, Kibosnia, Senad. Huyo alilisema, akaniomba nisilitumie kama mfano mbele ya watu, kwa sababu jiko la kwao lilichomwa pamoja na nyumba. Kwa hiyo naomba msilichapishe." Akageuka. "*Lotnisko*, uwanja wa ndege, Kipolandi. *Letiště*, Kicheki, kitu hichohicho."

Aliendelea. Sikumbuki yote. Nakumbuka kwamba Mikael aliacha kuandika, na kwamba Halyna alisema, kana kwamba limemponyoka, "*Vohnyshche*."

Mzee akasimama palepale. "La Kiukraini sina," alisema. "Nina la kitabuni tu, halina mtu." Akapapasa mifuko ya koti. "Nani ana kalamu? Ulilisikia wapi mara ya kwanza?"

Halyna akampa kalamu. Akamweleza kuhusu kijiji karibu na Poltava na bibi yake aliyewakataza kukojoa karibu na moto. Mzee akaandika, akauliza mwaka, akauliza jina la bibi, akaomba alitamke tena. Muda wa usaili ulipita kwa dakika ishirini, na kwa sehemu kubwa aliyekuwa anasailiwa ni Halyna.

Walipiga simu Jumanne. Nafasi ni yake. Miezi sita, na baada ya hapo hawaahidi kitu. Mzee akaenda kwa kampuni ya usafi kuomba likizo bila malipo. Wakamjibu kwa adabu kwamba likizo ya kwenda kufanya kazi kwa mwajiri mwingine haipo. Abaki au aondoke, na akiondoka hawawezi kumhakikishia kurudi.

Kamati ikakutana tena, bila kuitishwa.

"Mzee, nakuomba," alisema Onesphore, na safari hii hakuwa anatania. "Kubali heshima waliyokupa, kisha baki. Umeshawaonyesha. Inatosha."

"Kuwaonyesha?" Mzee alikuwa dirishani. "Onesphore, mimi sikwenda kuwaonyesha."

Sote tukamwangalia Getrude. Kwa wiki tatu alikuwa hajasema lake. Alikuwa amekaa kwenye kochi, na maboksi yalikuwa yamerudi kumzunguka kila upande.

"Mimi nina zamu zangu hospitali," alisema. "Hatutalala njaa. Nenda. Lakini nenda nazo zote, Baba Flaviana, hata moja usiniachie. Nataka sebule yangu."

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kwanza nilimsindikiza karakana kurudisha sare na kadi ya mlango. Msimamizi, kijana wa umri wangu, alimpa fomu ya kuacha kazi. Jina, namba, tarehe. Chini kulikuwa na mstari wa sababu. Mzee alijaza akiwa amesimama, fomu ameiegemeza ukutani, akaiandika sababu kwa maneno mawili matatu ya Kiswidi, akairudisha.

Kijana akasoma: *Nimepata kazi.*

"Lakini Zephania," alisema, "kazi si unayo?"

Mzee alikuwa ameshafika nje, anatembea, na ilibidi nikimbie.